Msiiuze Pijo kwa kilo

Hamjambo jamaa zangu wa Molo, wa Nakuru, na popote mnaponitazama. Hapa ni Kassel, Ujerumani, kwenye gereji niliyokodi, na baridi ya leo inauma vidole. Hii iliyoko nyuma yangu mnaijua. Peugeot 504 ya mwaka 1978. Kwetu tulisema Pijo tu, na kila mtu alielewa.

Ngoja nisogeze kamera muone taa hizi. Mchoro wake ni wa Pininfarina, Waitaliano. Ilitoka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa kuwa gari la mwaka barani Ulaya. Sisi tuliiheshimu kwa mengine. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally nayo, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Na wazee wa Dar es Salaam watakumbuka kwamba kabla ya hapo Bert Shankland, aliyeishi huko kwao, alishinda mara mbili mfululizo na kaka yake hii, 404, mwaka 1966 na 1967.

Baba alikuwa na ile ndefu, ya viti safu tatu. Nakuru–Nairobi, Nairobi–Nakuru, abiria na magunia ya viazi juu. Karo yangu ilitoka kwenye usukani ule.

Sasa kazi yenyewe. Nilipolinunua gari hili lilikuwa linang'aa. Nikapitisha sumaku ndogo chini ya milango: hapa inashika, hapa inaanguka. Pale inapoanguka ni puti tupu, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi. Nikagusa kwa bisibisi, ikazama hadi mpini. Huku wakati wa theluji barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hujificha ndani ya bodi ikila bati taratibu, miaka na miaka, huku rangi ya nje ikibaki nzuri. Ndiyo maana nawaambia vijana wanaoniandikia: rangi iwe ya mwisho. Anza chini ya kapeti. Mimi nimekata sakafu, nimekunja bati jipya, nimechomelea, Jumamosi baada ya Jumamosi kwa miezi mitano. Jumapili grainda haiwashwi hapa, ni siku ya utulivu kisheria.

Nafanya hivyo kwa sababu nataka namba yenye herufi H mwishoni. Hiyo hupewa gari lililofikisha miaka 30 na likabaki kama lilivyotoka kiwandani, na ushuru wake ni euro 191 kwa mwaka. Mkaguzi hapumbazwi na rangi, atalala chini ya gari na tochi.

Injini ilinifundisha kwa uchungu. Silinda za Pijo ni laina, mabomba manne ya chuma yaliyosimama ndani ya maji ya kupoza. Juu yanakandamizwa na silinda hedi, yaani kifuniko cha silinda, chini yamekalia sili nyembamba. Ukitoa hedi halafu ukazungusha krenki, ule mhimili unaosogeza pistoni, bila kuzibana laina, pistoni inaziinua, sili inaachia, na maji yanashuka kwenye mafuta. Mimi nilizungusha. Kidogo tu, nitazame pistoni. Nilipomaliza kufunga kila kitu nikachomoa kijiti cha mafuta, kikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Nikafungua injini yote upya, wiki tatu zikaenda. Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujagusa chochote, kata vipande vya bomba, viweke pamoja na washa, zile pete bapa za chuma, funga kwa boliti za hedi zenyewe, bana laina zote nne.

Na sasa lililonifanya niwashe kamera leo. Pijo ya Baba ilikaa nyuma ya nyumba miaka tisa. Siku moja akaja mtu wa vyuma chakavu na mizani, ikapimwa kwa kilo, ikaenda. Niliambiwa baadaye. Bado linaniuma.

Desemba nilipokuja nyumbani nilitazama mbili nyingine kijijini. Zimezama kwenye majani, kuku wanataga kwenye buti, lakini sakafu zao ni nzima! Huku watu wanatafuta mwaka mzima mlango mmoja usio na kutu. Tafadhali, kama iko moja kwenu, iinueni juu ya mawe. Mwageni petroli iliyolala. Toeni plagi, tieni mafuta kidogo ya injini kwenye kila silinda, iacheni siku kadhaa, kisha izungusheni kwa mkono na spana, polepole, kabla ya kufikiria betri. Na kitabu cha gari kitafuteni sasa hivi, mzee mwenye nalo akiwa bado anakumbuka alikokiweka.

Jana usiku niliiwasha kwa mara ya kwanza. Nikampigia Baba, nikaisogeza simu karibu na boneti, nikasubiri. Ana miaka 78, sikio moja halisikii vizuri. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Tapeti zimelegea. Zima kwanza."

Nimezima. Jumamosi nafungua kava nirekebishe tapeti, zile zinazosukuma valvu za injini, na Baba atakuwa kwenye simu.