Ile ramani ya saizi za matiti duniani haijapima titi la mtu

Haya tuanze, mliosimama nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele. Ramani mnaijua wote, ile inayozunguka kwenye magrupu, nchi zimepakwa rangi kwa herufi za saizi ya sidiria, huku D, kule B, kule A, na chini yake watu wanabishana nchi gani inaongoza. Hii ramani nimeshaisema sana na leo naisema tena, kwa sababu binti wa miaka 15 anaiangalia halafu anaenda kujiangalia kwenye kioo. Hapo ndo hasira yangu ilipo.

Swali langu ni hili, D ya nani? Herufi haisemi ukubwa wa titi jamani. Herufi ni tofauti ya vipimo viwili, mzunguko wa kifua pale matiti yalipojaa, na mzunguko wa chini yake pale kwenye mbavu. Ndo maana saizi ina namba na herufi, na ukiitupa namba hujabaki na kitu. Chukua sidiria ya 70D, ya 75C na ya 80B, vikombe vyake vinabeba ujazo uleule. Ramani inampaka wa D rangi ya ushindi na wa B rangi ya huruma, na matiti yao yanalingana!

Ngoja niwaonyeshe kwa mwanamke mmoja, tena mfuateni polepole na namba zake. Chini ya matiti ana sentimita 75, matiti yalipojaa 92, tofauti 17. Mpeleke Ujerumani, wanatumia kipimo cha Ulaya, A ni tofauti ya 12 hadi 14 na kila herufi inaongeza 2, kwahiyo 17 inaangukia C, anavaa 75C. Avuke mpaka aingie Ufaransa, wenzetu pale wanaongeza 15 kwenye namba, anakuwa 90C. Italia wanaandika 3C. Japani A yao ni tofauti ya 10 na kila herufi inaongeza 2.5, D yao ni 17.5 na 17 yake iko karibu na hapo, sasa mama huyuhuyu keshakuwa D. Akifika Uingereza inategemea kakutana na mpimaji gani. Wa njia ya zamani atachukua mbavu zake inchi 29 na nusu, ataongeza 4, atapata 33 na nusu, ataifanya 34, kifua ni inchi 36, tofauti 2, anampa 34B. Mpimaji wa pili haongezi kitu, anampa 30, ile tofauti ya sentimita 17 inakaribia inchi 7, na kwa vile Waingereza wana DD kabla ya E, anatoka na 30F. Tofauti hiyohiyo Marekani, wanaoweka DD halafu DDD, inaitwa G. Hesabuni sasa, B, C, D, F, G, na mama wa watu hajaongezeka hata gramu moja! Hizi herufi zilianza huko Marekani miaka ya 1930, A mpaka D basi, halafu kila nchi ikaendeleza kivyake.

Najua kuna mtu hapo anasema moyoni, basi si mgeuze zote ziwe mfumo mmoja, tatizo liishe. Haliishi, kwa sababu hujui ulichogeuza. Ramani kama hizi zinajengwa na mauzo au na majibu ya wanawake wenyewe. Ukimuuliza mwanamke saizi yake anakusomea lebo ya sidiria aliyovaa, na sidiria aliyovaa mara nyingi siyo yake. Kuna utafiti wa Australia wa 2008, ulikuwa mdogo, wasichana 30, lakini walipimwa mmoja mmoja, na asilimia 80 walikuwa wamevaa saizi isiyo yao, asilimia 70 imewabana na 10 imewapwaya. Mauzo nayo yanaonyesha kilicholetwa dukani, maana duka likiwa na saizi nne, nchi nzima itaonekana ina saizi nne.

Sisemi wanawake wote wa dunia wanalingana, msininukuu vibaya. Tofauti zipo, na kubwa kabisa inatokana na uzito wa mwili. Titi ni tezi na mafuta, mwili ukiongezeka mafuta na titi linaongezeka, kwahiyo nchi ambayo watu wake ni wazito saizi zitapanda, na ukiiita hiyo sifa ya taifa unakuwa umesoma mizani ukadhani umesoma kabila. Ongeza umri, mimba, kunyonyesha, hata siku za mwezi, titi la mtu mmoja halikai saizi moja maisha yake yote. Urithi nao upo, mwaka 2012 watafiti waliangalia vinasaba vya wanawake zaidi ya 16,000 wenye asili ya Ulaya wakapata sehemu saba zinazohusiana na ukubwa wa matiti, na baadhi yake zinagusa pia mambo ya saratani ya matiti, hilo lingetaka mhadhara wake na naona naonyeshwa saa.

La maziwa haraka haraka. Mama mwenye matiti madogo anatoa maziwa ya kutosha, kinachotengeneza maziwa ni tezi, mafuta hayatengenezi, msimtishe mzazi.

Na kwenu mliovaa sidiria, mkifika nyumbani chukueni futi ya fundi cherehani mpime wenyewe, chini ya matiti kwanza, ikaze. Mkanda wa chini ndo unaobeba uzito, siyo kamba za mabegani. Ukinyanyua mikono mkanda ukapanda mgongoni, namba ni kubwa, shusha namba na upandishe herufi, toka 80B nenda 75C. Titi likimwagika juu ya kikombe, ongeza herufi bila kuogopa, hakuna ramani inayokuhesabu. Haya dada wa shati la bluu, wewe ulinyoosha mkono toka mwanzo, uliza.