Almasi Mgongoni mwa Nondo

Waliokaa nyuma, sogeeni tafadhali. Mgeni wetu aliye chini ya kioo hiki cha kukuzia hatazamwi kwa mbali: mwili wake ni milimita 6 hivi, na akitandaza mabawa, toka ncha hadi ncha ni kama milimita 15 tu. Wataalamu humwita Plutella xylostella. Mimi nitamwita nondo wa almasi.

Akiruka utaona kijivu tu, kama majivu yaliyopeperushwa. Mngoje atue. Hukunja mabawa juu ya mgongo mfano wa paa la nyumba, vipapasio akivielekeza mbele moja kwa moja. Sasa angalieni ukingo wa nyuma wa bawa la mbele: una mstari wa rangi ya maziwa, wenye mawimbi. Kingo mbili zinapogusana katikati ya mgongo, wimbi la kushoto hulingana na la kulia, na almasi, yaani umbo la pembe nne lenye ncha mbele na nyuma, hujichora, moja nyuma ya nyingine. Kwenye bawa lenyewe almasi haipo. Nusu iko huku, nusu kule. Niliwahi kubishana na mwanafunzi aliyeshikilia kwamba nimempa nondo siye. Kumbe alikuwa amembandika mabawa wazi!

Dume almasi zake hukolea. Za jike hufifia kidogo. Na msimshike kwa vidole, maana rangi yote hiyo ni vigamba, vitabaki mkononi kama vumbi.

Kiwavi wake ni wa kijani kibichi, amechongoka mbele na nyuma. Mguse kwa unywele: atajipinda, atarudi kinyumenyume kwa fujo, kisha atajiachia jani na kuning'inia kwa uzi wa hariri. Hula majani ya jamii ya kabichi kutokea chini, akiacha ngozi nyembamba ya juu kama kidirisha. Huyu si wa kudharauliwa. Mwaka 1953, kisiwani Java, iliripotiwa kwamba DDT, dawa ya kuua wadudu, haimwui tena, miongoni mwa taarifa za kwanza za namna hiyo kwa wadudu wa mazao.

Kisanduku hiki kina jani lenye kifukofuko chake. Kimefumwa kama wavu, kwa hiyo pupa, yaani kiwavi anayegeuka kuwa nondo, anaonekana ndani bila kukichana. Kipitisheni kuanzia kushoto, na mfuniko msiufungue. Mmoja ametoka asubuhi hii, yumo humo humo.