Sheria ya Vyuma vya Chuma

REHEMA: Karibuni tena. Leo nina karatasi mkononi: mambo matano ambayo utafiti wa maoni ya siasa wa jimbo ungefaa kuyazingatia. Matano tu. Seif, nakuomba leo usitupotezee muda.

SEIF: Kabla ya karatasi...

REHEMA: Nilijua.

SEIF: Nimepigiwa simu, dada! Jumanne jioni. "Tunafanya utafiti wa maoni ya wapiga kura wa Kentucky." Siku zote nasikia asilimia fulani wanasema hivi, asilimia fulani wanasema vile, najiuliza hao wanaoulizwa wanaishi wapi. Kumbe zamu yangu ilikuwa njiani.

REHEMA: Wasikilizaji, huyu simu zangu hapokei. Za mtu asiyemjua anapokea.

SEIF: Swali la kwanza: kwa maoni yako, mambo yanakwenda vizuri au yamepotea njia? Nikamuuliza, mambo ya wapi? Ya Frankfort, kwenye serikali ya jimbo letu, au ya Washington? Akanyamaza kidogo, kisha akanisomea swali lilelile, neno kwa neno, sauti ileile.

REHEMA: Hana ruhusa ya kukufafanulia. Akikueleza wewe hivi na jirani yako vile, mtakuwa mmeulizwa maswali mawili tofauti, halafu majibu yenu yanajumlishwa pamoja.

SEIF: Sawa, lakini mimi Frankfort sina ugomvi nayo mkubwa. Washington ndiyo inayoniumiza kichwa. Nikajibu yamepotea njia. Wiki ijayo utasoma kwamba watu wa Kentucky wamemchoka gavana.

REHEMA: Basi umeniingiza kwenye jambo langu la kwanza bila kutaka. Kitu kitajwe kwa jina ambalo watu wanaishi nalo. Mnakumbuka kynect? Soko la bima ya afya alilolianzisha gavana Steve Beshear mwaka 2013, chini ya sheria ya afya ya Obama, ile inayoitwa Obamacare. Mei 2014 Marist, watu wa tafiti za maoni, waliwauliza wapiga kura wa hapa. Asilimia 57 walisema hawaipendi Obamacare. Wasioipenda kynect walikuwa asilimia 22.

SEIF: Kitu kimoja!

REHEMA: Kimoja. Kwa hiyo ukiuliza kwa jina la Washington unapima hasira juu ya Washington. Ukiuliza kwa jina la hapa unapima kadi ya bima iliyomo kwenye pochi ya mtu.

SEIF: Sasa ngoja. Katikati ya mahojiano akanitajia muswada fulani wa bunge la jimbo. Sijawahi kuusikia. Nikasema sijui. Akaniuliza, "Lakini ungeegemea upande gani zaidi?" Nikasema sijui. Akarudia.

REHEMA: Ndiyo hapo wanapoharibu! Miaka ya 1940 kulikuwa na mtafiti hapa Marekani, Sam Gill, aliyewauliza watu wanaionaje sheria moja ya vyuma. Jina lake lilikuwa kama... tuseme Sheria ya Vyuma vya Chuma. Asilimia 70 walikuwa na msimamo.

SEIF: Nini tatizo? Mimi mwenyewe naiunga mkono.

REHEMA: Haikuwepo, Seif. Aliitunga.

SEIF: Haidhuru. Vyuma vya chuma vimeonewa muda mrefu.

REHEMA: Na unajua jibu lililopata watu wengi kuliko yote? Kwamba ni jambo zuri, ila liachiwe majimbo yenyewe.

SEIF: (anacheka) Hapo sasa! Ndiyo msimamo wangu! Kentucky iamue vyuma vyake, Ohio wasituingilie. Nagombea useneta wa jimbo kwa hoja hiyo moja.

REHEMA: Turudi kwenye...

SEIF: Na vyuma visivyo vya chuma vipate mwakilishi. Siwabagui.

REHEMA: Seif.

SEIF: Jambo la pili la karatasi yako liwe swali hili: je, chuma chako kinaelekea pazuri au kimepotea njia?

REHEMA: (anacheka) Umeniharibia kipindi. Haya, nasema hivi: kabla ya kumuuliza mtu anaonaje, muulize kama amewahi kulisikia jambo lenyewe. Na neno "sijui" liwemo kwenye majibu anayosomewa, asilitoe kwa kupigana kama ulivyofanya wewe.

SEIF: Hapo sikubaliani, na sasa sitanii.

REHEMA: Hukubaliani na nini? Si umelalamika kwamba ulisukumwa?

SEIF: Sikulalamika, nimesimulia. Hebu fikiria mama anayefanya kazi ghalani usiku. Namba za miswada hazijui, nani ana muda huo? Lakini anajua shule ya mwanawe imepungukiwa walimu. Ukimsomea "sijui" kama jibu rasmi atalichukua, amalize, akalale. Mwenye digrii na kiti cha kuzunguka atatoa maoni juu ya kila kitu, hata vyuma. Mwisho wa siku bunge linasoma maoni ya nani?

REHEMA: Mama huyo muulize kuhusu walimu! Usimuulize kuhusu muswada kisha ukamkamua jibu. Jibu la kukamuliwa ni upepo.

SEIF: Si upepo. Ukimsukuma kidogo anafikiri. Wengi hawajui wanachokijua mpaka waulizwe mara ya pili.

REHEMA: Huo ndio mtego alioutega Gill! Wale asilimia 70 nao walifikiri.

SEIF: Haya, chukua Novemba 2024. Trump amepata karibu asilimia 64 hapa. Karatasi ileile ya kura ilikuwa na Marekebisho ya 2 ya katiba ya jimbo, kuruhusu fedha za umma ziende shule zisizo za serikali. Yamekataliwa kwa karibu asilimia 65, kaunti zote 120. Kaunti za Trump kabisa! Chama chao hakikufikiri kwa niaba yao, walifikiri wenyewe. Watu wana maoni, Rehema.

REHEMA: Wanayo kwa sababu walilisikia! Walimu walitembea nyumba kwa nyumba, matangazo yalijaa. Hata utafiti ungewauliza, "umewahi kusikia?" wangejibu ndiyo. Mfano wako ni wangu.

SEIF: Ni wangu.

REHEMA: Muswada wa Februari ambao umesomwa kwenye kamati tu, nani alitembea nyumba kwa nyumba?

SEIF: Na ndiyo Februari unapotakiwa kumsikia huyo mama. Kura ikishapigwa utafiti wa nini?

REHEMA: Utamsikia akisema asichokisema.

SEIF: Heri hivyo kuliko asihesabiwe.

REHEMA: Hapana, si heri. Gavana akiyaona hayo yanayoitwa maoni ya mama atasema "wananchi wametaka", na mama hajataka kitu.

SEIF: Basi tumekwama.

REHEMA: Tumekwama kweli. Na saa... dakika mbili? Nimesoma moja na nusu tu!

SEIF: Soma haraka haraka.

REHEMA: La tatu ni la sampuli, yaani watu wanaochaguliwa kuhojiwa. Ukiwahoji watu 600 jimbo zima, Louisville, mji wetu mkubwa kuliko yote, inapata kama 100, na kwa watu 100 kiwango cha makosa ni karibu asilimia 10 huku na huku. Kwa hiyo anayekuambia "Louisville inasema" kutoka kwenye... hapana, hili linataka muda.

SEIF: La nne?

REHEMA: La nne ni refu kuliko la tatu. Yaachwe.

SEIF: Tutumieni ujumbe, wasikilizaji: "sijui" isomwe au isisomwe? Na msijibu sijui.

REHEMA: Wajibu sijui kama hawajui!

SEIF: Muziki, tafadhali.