Picha Ije, Kisha Iondoke: Kufundisha Watu Wazima Kusoma mjini Goma

Karibuni, mama na baba walimu wa kisomo. Nianze na ukuta wa darasa. Vituo vingi vina chati ileile: picha ya ndizi, chini yake neno "ndizi". Mwalimu anaelekeza fimbo, mama anasema "ndizi", wote wanapiga makofi. Sasa funikeni picha kwa kiganja muulize tena. Mara nyingi kimya. Mama alisoma tunda, herufi hakuzigusa. Ndiyo maana leo nasema picha ina saa yake ya kuingia darasani na saa yake ya kutoka.

Mwalimu Mbrazili Paulo Freire, alipofundisha watu wazima kusoma katika mji wa Angicos, Brazil, mwaka 1963, alianza na picha za maisha yao wenyewe. Akachukua neno kama tijolo, yaani tofali, akalikata ti-jo-lo, kisha akafungua familia ya kila silabi: ta-te-ti-to-tu. Mpango wake ulikuwa wa saa 40. Kwetu njia hii inakaa vizuri, kwa sababu silabi nyingi za Kiswahili zinaishia kwa irabu, na irabu ni tano tu.

Tuchukue neno moja la Goma tulifuate: makala, yaani makaa haya ya kupikia.

Chora chukudu, lile la mbao la magurudumu mawili la kubebea mizigo, lenye gunia la makala, mtu anasukuma, mama mmoja anauliza bei. Usiandike chochote. Kwa watu ishirini karatasi iwe na upana wa sentimita 70 hivi, mistari minene myeusi, nyuma pasiwe na nyumba wala miti ya kuvuta macho. Uliza: "Mnaona nini?" Halafu: "Gunia linatoka wapi? Bei inapandia wapi njiani?" Dakika kumi na tano, ishirini zikizidi. Watu wa soko wakishaanza habari ya bei ya makala, mwalimu asiposhika saa, somo limekwisha bila herufi hata moja.

Kisha onyesha picha ileile ikiwa na neno chini. Lisomeni pamoja. Ondoa picha, libaki neno peke yake kwenye kipande cha karatoni. Likate kwa makasi mbele yao: ma, ka, la. Wape vipande mikononi, wavichanganye, walirudishe neno. Hapo ubaoni andika familia tatu:

ma me mi mo mu
ka ke ki ko ku
la le li lo lu

Silabi kumi na tano kutoka neno moja. Waache watafute wenyewe: kuku, kilo, mali, lala, kulima, kalamu. Neno lisilo na maana nalo lisomwe, kisha wenyewe waamue kama lipo au halipo. Mimi naona hiki ndicho kipimo cha kweli: mtu akisoma neno ambalo hakuna picha yake popote ukutani.

Jihadharini na mambo mawili. Ukisoma familia kwa mstari tu, darasa linaimba ma-me-mi-mo-mu huku linatazama dirishani. Soma kutoka juu kwenda chini, kisha rukaruka. Pili, kipande cha karatoni chenye doa au kona iliyokunjika kinatambulika kwa doa lake. Andika neno upya kwenye kipande kingine, kwa kalamu nyingine.

Sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, ni neno zuri la ziwa letu, lakini lisubiri. Lina mba ndani. Maneno yenye mb, nd, ng', mw yaje baada ya silabi nyepesi kushika.

Tusisahau kwamba picha nayo husomwa. Mkono uliochorwa bila mtu unaweza kuonekana mkono uliokatwa. Mshale hauelekezi kitu mpaka mtu aambiwe kazi yake. Msalaba mwekundu juu ya maji machafu, mwingine ataona ni pambo. Picha nne za mfululizo, asiyezoea karatasi anaweza kuanzia popote. Zitoe moja moja. Hata rangi za tahadhari ya volkano hapa Goma, kijani, njano, chungwa na nyekundu, zinaeleweka kwa aliyeelezwa tu.

Halafu macho. Baada ya miaka arobaini hivi, kuona vya karibu hupungua. Mama akisogeza daftari mbali, akinyoosha mkono wote, usimwambie ni mzito wa kushika. Anahitaji miwani ya kusomea. Ubaoni herufi ziwe na kimo cha sentimita tano au zaidi, na ubao usikae upande wa dirisha, maana mwanga utampiga machoni.

Herufi ndogo zitangulie, ndizo zimejaa kwenye ujumbe wa simu. Herufi kubwa zifuate mapema kwa ajili ya jina lake kwenye kadi ya uchaguzi. Kifaransa kije wakati mtu tayari anasoma Kiswahili bila kubabaika. Kwa neno eau anaona herufi tatu, anasikia o moja tu; aliyejua jana kwamba ma ni ma atadhani mwalimu anamchezea.