Sarafu ya Kiarabu Isiyosomeka

SALUM: Karibuni tena, wasikilizaji. Mwanaidi, kinga mkono.

MWANAIDI: Mh! Nyepesi kama gamba la samaki. Hii ndiyo iliyokufanya usipokee simu zangu wiki nzima?

SALUM: Ndiyo yenyewe. Niliagiza sarafu 20 za Kirumi zisizosafishwa, kutoka nchi za Balkani. Zinakuja na udongo wake, utadhani viazi vya jana. Nikaziloweka kwenye maji yaliyokenekwa, nikawa nabadilisha maji kila baada ya siku chache.

MWANAIDI: Si ungekamulia ndimu tu, kaka? Sufuria za shaba tunazisugulia nini?

SALUM: Astaghafirullah! Ndimu inakula lile tabaka la kijani, na mara nyingi herufi zimebaki humo humo. Mswaki laini na kijiti cha meno, basi. Nyingi zikatoka nilivyotarajia: za karne ya 4, enzi za Konstantino na wanawe. Upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili askari wawili na bendera zao, na maandishi GLORIA EXERCITVS, yaani utukufu wa jeshi. Halafu ikatoka hii. Haina kichwa wala askari.

MWANAIDI: Ina Kiarabu.

SALUM: Haya, nisomee.

MWANAIDI: Hii kama lamu... hapana. Ngoja niigeuze. Mbona haisomeki? Imelika?

SALUM: Haijalika, mistari iko wazi kabisa. Mimi nilidhani ni fulusi, sarafu ya shaba ya makhalifa wa Bani Umayya. Nikampelekea mjomba, aliyefundisha chuoni miaka mingi. Akaivalia miwani, akaizungusha mara tatu, akasema: "Aliyechora hii hajui alifu wala be."

MWANAIDI: Ikawa ndio mwisho?

SALUM: Ikawa ndio mwanzo! Maana nikaacha kutafuta sarafu ya Kiarabu, nikatafuta sarafu inayoigiza Kiarabu. Shaba nyembamba, maandishi bandia pande zote mbili: ni ya Hungaria, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya mfalme Béla wa Tatu, aliyetawala 1172 hadi 1196.

MWANAIDI: Mfalme Mkristo?

SALUM: Mkristo hasa, na alilelewa Constantinople, kwenye jumba la kaisari Manuel Komnenos. Ana shaba nyingine ya mtindo wa huko, iliyobonyea kama kisosi: upande mmoja wafalme wawili wamekaa, na upande wa pili yuko Bibi Mariamu. Hii ya maandishi, wengi huilinganisha na dinari za dhahabu za Murabitun, watawala Waislamu wa Andalusia, Hispania ya leo.

MWANAIDI: Lakini Hungaria si ilikuwa na Waislamu wakati huo? Yule msafiri Mwislamu, Abu Hamid wa Granada, alikaa kwao miaka ya 1150.

SALUM: Walikuwepo, wengine wakishika kazi za fedha za mfalme. Mwaka 1222 Andrew wa Pili, mwanawe Béla, alitoa Hati ya Dhahabu iliyowakataza Waislamu na Wayahudi kazi hizo, hata za kusimamia ugongaji wa sarafu. Mtu hakatazwi asichofanya.

MWANAIDI: Basi hapo ndipo unaponichanganya. Kama Waislamu walikuwa karibu na mashine...

SALUM: Nyundo, dada. Nyundo na muhuri.

MWANAIDI: ...karibu na nyundo, mbona hakuna hata mmoja aliyesahihisha? Sisi Kilwa tuligonga shaba ndogo kuliko hii, ikiwa na jina la sultani wetu Ali bin al-Hasan na sifa za Mwenyezi Mungu, tena kwa vina!

SALUM: Nadhani mchonga muhuri hakuwa msomaji, na mnunuzi wa sokoni pia hakuwa. Wote walichotaka ni sura ya pesa nzuri.

MWANAIDI: Mimi bado sijaridhika. Zimebaki ngapi kwenye bakuli?

SALUM: Sita. Na moja, nilipoipapasa jana, nikahisi imebonyea katikati.

MWANAIDI: Salum! Kalete mswaki.