Miguu ya Oedipus

Kitendawili! Asubuhi ana miguu minne, mchana miwili, jioni mitatu.

Mtu, naam. Mmejibu kabla sijamaliza. Wenyeji wa Thebes, mji wa Ugiriki ya kale, hawakuwa na wepesi huo. Sphinx, zimwi lenye kichwa cha mwanamke na kiwiliwili cha simba, lilikuwa likiwatega hicho hicho, na aliyeshindwa aliliwa. Aliyekitegua alikuwa mgeni mpita njia, Oedipus. Akazawadiwa mji, pamoja na mjane wa mfalme aliyetangulia awe mkewe.

Miguu hiyo msiisahau. Jina Oedipus kwa Kigiriki ni kama kusema "mguu uliovimba". Laius, mfalme wa Thebes, aliambiwa na mungu Apollo kwamba atauawa na mwanawe. Mtoto alipozaliwa, vifundo vya miguu vikatobolewa na kufungwa pamoja, akakabidhiwa mchungaji akamtupe mlimani Cithaeron. Mchungaji akashikwa na huruma, akampa mwenzake. Mtoto akalelewa Korintho, mji ule ule tunaoujua kwa nyaraka za Paulo, akimwita mfalme Polybus baba.

Ukubwani, mlevi mmoja karamuni akamwambia: wewe si mwana wa humu. Akaenda Delphi, penye hekalu la Apollo, kuuliza. Apollo hakumjibu alichouliza. Alimwambia atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Akaikimbia Korintho ili asimdhuru Polybus. Penye njia panda, pale njia tatu zinapokutana, akagombana na mzee mmoja aliyekuwa kwenye gari la farasi, akamuua. Mengine mmeshayakisia.

Hapo ndipo wengi wetu hufunga kitabu na kusema, ajali haina kinga. Na neno ajali, kabla halijawa la mabasi na pikipiki, lilikuwa hasa siku ya mtu iliyokwisha kupangwa. Basi kesi imekwisha?

Haijaisha. Sophocles, Mgiriki aliyeitungia tamthilia hadithi hii, hakutuonyesha lolote kati ya hayo. Mauaji na ndoa vimeshapita miaka mingi kabla mchezo wake haujaanza. Tunachokiona ni siku moja tu: mji una tauni, Apollo amesema muuaji wa Laius atafutwe, na mfalme anafanya upelelezi. Kule Delphi aliambiwa ataua na ataoa. Hakuambiwa atajua.

Najua aliyesoma vizuri atanibana: Tiresias, mwaguzi kipofu, si alimwambia usoni kwamba siku hii itamzaa na kumwangamiza? Alisema. Lakini kwanza alikataa kusema, na ni Oedipus aliyemchokoza mpaka akasema. Jocasta, mkewe, anamsihi aache kuuliza. Halafu analetwa yule mchungaji, sasa mzee, naye anaomba asisemeshwe. Mfalme anaamuru akunjwe mikono nyuma.

"Ole wangu," anasema mzee, "nimefika ukingoni mwa neno la kutisha."

"Nami ukingoni mwa kulisikia. Lakini sharti nilisikie."

Nani aliyemsukuma pale? Mimi simwoni.

Wakati wote huo ushahidi ulikuwa mwilini mwake. Mjumbe kutoka Korintho anamwambia vifundo vya miguu yako vingeshuhudia, naye anashangaa: kwa nini unanitajia tatizo la zamani namna hiyo? Mtu aliyejibu fumbo la miguu ya wanadamu wote alikuwa hajaisoma miguu yake. Nyani haoni kundule, tusemavyo, ila huyu aliishi na kovu analoliona kila akivua viatu.

Hekaluni Delphi paliandikwa "Jitambue". Siku hizi neno hilo limechukuliwa na wahamasishaji, maana yake eti gundua kipaji chako. Kwa Wagiriki lilikuwa na ukali zaidi: jua kwamba wewe ni mtu, si mungu. Na mwanafalsafa Aristotle alipotafuta neno la kosa la watu wa namna hii alisema hamartia, litokanalo na kitenzi walichokitumia kwa mrushaji anayekosa shabaha. Walimu wengi hulifundisha kama dosari ya tabia, hasira au kiburi. Hasira alikuwa nayo, sikatai. Lakini mrushaji anaweza kuwa na mkono thabiti na asijue shabaha iko wapi.

Ukweli ukifichuka Jocasta anajinyonga, na Oedipus anachomoa vibanio vya dhahabu kwenye vazi la mkewe huyo, anajitoboa macho. Wazee wa mji wanamuuliza nani kakutuma. Ni Apollo, anasema, aliyeyatimiza mateso yangu haya. Ila mkono uliopiga ni wangu mwenyewe.

Sophocles alimrudia mtu huyu uzeeni, alipokaribia miaka tisini. Mchezo huo wa pili, wa Oedipus kule Colonus, kijiji alikozaliwa mtunzi, ulionyeshwa mwaka 401 KK, yeye akiwa ameshafariki. Humo kipofu huyo mzee hasemi tena habari za mkono wake. Anasema matendo yale hakuyatenda, alitendewa.

Mikono naiona. Tuanze na wewe dada wa mbele.