Friji la Sebule ya Kuazima

Wadogo zangu wa filamu, walionisikia mwaka jana wanivumilie, maana narudi palepale: mshika maiki asinyamaze.

Filamu yangu ya kwanza ya chuo sikuchagua kazi. Kila mtu alitaka kuongoza au kushika kamera. Fimbo ya maiki ikabaki imeegemea ukuta, nikaichukua. Tulishuti Kinondoni, sebule ya kuazima. Mama anamwambia mwanawe kwamba baba hatarudi. Ananong'ona, macho kwenye kikombe cha chai. Teki ya tatu, yaani mara ya tatu kurekodi tukio lilelile, yule mwigizaji alilia kweli, chozi likadondokea kitambaa cha meza. Hakuna aliyetikisika. Mimi masikioni nasikia friji.

Lilikuwa jikoni, linavuma. Nikamtazama mwongozaji: kanizidi umri, anajifuta machozi, na nje jua linazama. Nani asimamishe kazi hapa kwa ajili ya friji? Nikanyamaza. Na seti nzima mwenye hedifoni ni mimi peke yangu! Nisiposema mimi, nani atasema?

Kwenye uhariri ndipo tulipoona. Friji halivumi muda wote, linawaka na kuzima. Teki ya mama ina mvumo, ya mtoto haina. Mhariri akikata kutoka uso huu kwenda ule, mvumo unaingia, unatoka, kama mtu anayefungua na kufunga dirisha. Mtazamaji hajui kinachomsumbua, ila anaacha kuamini. Chozi lile tukalitupa, tukatumia teki ya kwanza, kavu.

Najua mtasema siku hizi kuna programu za kusafisha sauti. Zipo, nazitumia kila wiki. Lakini umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo wake unapanda 100, 150, 200. Hapo kwenye 200 ndipo inapokaa sauti ya mwanamke akizungumza. Ukikwangua mvumo, unakwangua na mama. Na wewe unayesema "tutaweka muziki juu", muziki gani utakaofunika friji usimfunike anayenong'ona?

Basi ombeni ruhusa, zimeni friji, na ndani yake wekeni funguo za gari au pikipiki mliyojia. Hamtaondoka bila kuzifuata, na mkizifuata mtakumbuka kuliwasha, nyama ya watu isiharibike. Kabla ya kufungasha, wote kimya sekunde 30, rekodini sauti ya chumba chenyewe, bila mtu kusema. Mhariri ataihitaji kuzibia mapengo ya sauti. Maiki isogee karibu na mdomo kadiri fremu inavyoruhusu, bila kuonekana kwenye picha. Kunguru na mvua kwenye bati nilitaka kuvisema, muda umekwisha.

Ila hii karatasi ya kugawana kazi nimeisoma kabla ya kusimama. Kwenye kuongoza mmejaza mpaka pembeni. Kwenye sauti ni peupe. Kalamu hii hapa mezani, na mimi siondoki mpaka lionekane jina.